Kinyonga Mgonjwa Anatibika: Majibu kwa Wanaosema Aachwe Afe

Mjini Morogoro kinyonga hatafutwi mbali. Yumo kwenye michongoma ya Kilakala, kwenye mipera ya Mazimbu, kwenye ua wa shule. Huyu wa bustanini mara nyingi ni yule mwenye vikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wanasayansi humwita Chamaeleo dilepis. Mtoto humpandisha kwenye kijiti, akamleta nyumbani, akampa jina. Wiki chache baadaye kinyonga amefumba macho mchana kweupe na hataki kula. Hapo ndipo wakubwa wanapoanza kutoa hukumu: hana tiba, ana sumu, mtupeni. Hukumu hizo nimezisikia mno, na zinaua viumbe ambao wangepona. Nazijibu hapa, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, kwa kuwa madhara yake hayalingani.

"Ana sumu, tena ni mkosi." Kinyonga hana sumu ya kumdhuru binadamu. Anapojijaza pumzi, akaachama na kutoa sauti ya kufoka, anatisha kwa sababu hana silaha nyingine, na hata akikung'ata utaumia kidogo tu. Najua kisa kinachosimuliwa na makabila mengi ya Kibantu, kwamba kinyonga alitumwa kuwaletea watu ujumbe wa uzima, akachelewa njiani, mjusi akamtangulia na ujumbe wa kifo. Nawaheshimu wazee waliotuachia kisa hicho. Lakini kisa kinachoeleza kwa nini binadamu hufa hakitupi ruhusa ya kumpiga mawe kiumbe aliyeshikilia tawi. Tahadhari ya kweli ni moja: reptilia wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika, na usimwoshee vyombo vyake jikoni.

"Mjusi haumwi, siku yake ikifika anakufa tu." Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kinyonga ni windo la ndege na nyoka, na mwili wake umezoea kuficha udhaifu hadi nguvu zimwishie. Ndiyo maana mwenye nyumba husema, "Jana alikuwa mzima." Jana hakuwa mzima. Macho yaliyodidimia yanasema amekaukiwa na maji. Choo chake kina sehemu mbili, ya kahawia na nyeupe, na ile nyeupe ikigeuka manjano iliyokolea au rangi ya chungwa, ni dalili ile ile ya kukosa maji. Macho kufumbwa mchana ni dalili mbaya kwa mnyama anayeishi kwa kutazama. Ulimi unaotoka nusu na kushindwa kumfikia panzi, taya linalobonyea, miguu iliyopinda: hayo ni matege, yale yale yanayowapata watoto wetu, na chanzo chake ni kukosa kalsiamu na vitamini D. Tazama pia kingo za mdomo kama zimevimba au zina usaha.

Mdomo wazi unahitaji kufikiriwa. Kinyonga akiwa kwenye joto kali huachama ili apoe, na akihamishiwa kivulini hufunga. Akiachama wakati wa ubaridi wa asubuhi, akiinua kichwa juu ili avute pumzi, na ukaona povu au kamasi, kifua chake kinaumwa na asikae siku nyingine bila kuonwa.

Kisha kuna jike lisilotulia. Linashuka chini, linakwaruza pembe za kasha, tumbo limejaa, chakula halitaki. Watu husema limechoka kufungwa. Kinyonga wa bustani hushuka mtini, akachimba shimo na kutaga mayai kwa makumi. Kwenye kasha la mbao hana pa kuchimba, hivyo mayai hukwama na jike hufa nayo tumboni. Ndoo yenye udongo tifutifu ulio na unyevunyevu, wa kutosha kuchimbwa bila kubomoka, inaweza kumwokoa siku hiyo hiyo. Ikipita siku moja au mbili hajataga na amelegea, hiyo tena ni kazi ya daktari.

Wapo wanaosema rangi ya kinyonga haimwambii mtu kitu, kwa kuwa hufuata rangi ya mahali alipo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kinyonga mmoja wa Madagaska, kwamba ndani ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno, na mnyama hubadilisha nafasi kati ya fuwele hizo, mwanga unaoakisiwa ukabadilika. Anafanya hivyo kwa ajili ya joto, hofu, mpinzani au mwenza, kuliko kwa ajili ya ukuta uliouweka mbele yake. Asubuhi anakuwa mweusi ili aote jua, usiku akilala anapauka. Basi kinyonga aliyekwisha kuota jua na bado ana weusi uliofifia hadi alasiri, siku baada ya siku, anakuonyesha kwamba ana tatizo.

"Mwekee maji kwenye kisahani, mpe na mchicha." Kwa nia njema kabisa, hapa ndipo wengi wanapomuua. Kinyonga hanywi kwenye kisahani. Yeye hulamba matone kwenye majani, kwa hiyo nyunyizia majani maji asubuhi na jioni, au toboa chupa kwa sindano uitundike idondoke polepole. Wadudu ndio chakula chake: panzi, nyenje, nzi. Mende wa jikoni mwache, kwani huenda amepita kwenye dawa ya kupuliza, na panzi wa shamba lililopigwa viuatilifu vivyo hivyo. Mchicha wape hao panzi wale kwanza, kisha kinyonga ale panzi walioshiba. Wadudu wana fosfora nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana unga wa mifupa wa kuchanganyia chakula cha kuku haufai sana, kwa kuwa unaongeza fosfora ile ile. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini, ni kalsiamu safi. Wapake panzi kidogo.

Jua nalo Mungu ametupa bure. Mfugaji wa Ulaya hununua taa maalumu ili kinyonga wake atengeneze vitamini D. Sisi tunamnyima kinyonga jua kwa kumweka nyuma ya kioo cha dirisha, ambacho huzuia miale anayoihitaji, au tunamchoma kwa kumtia kwenye chupa juani. Mtoe nje asubuhi kwenye kichaka chenye jua na kivuli, uwe karibu naye, achague mwenyewe.

Hayo yote ni ya kinyonga wa mjini. Anayesema "kinyonga ni kinyonga" hajapanda vilele vya Bondwa wala Lupanga. Kwenye misitu ya Uluguru yupo Trioceros werneri, ambaye dume lake lina pembe tatu na jike huzaa watoto hai badala ya kutaga. Wapo Kinyongia uluguruensis, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1957, na Rhampholeon uluguruensis, mdogo wa kahawia anayefanana na jani kavu, aliyeelezwa mwaka 1996. Wanyama hawa wanahitaji ukungu na usiku wa baridi. Mtu anayewashusha hadi chumba cha bati mjini anawapa ugonjwa ambao hakuna sindano ya kuuponya, na dawa yao ya kwanza ni kuachwa walipo. Wanaosema "akifa tutachukua mwingine mlimani" waangalie kutoka mjini jinsi mashamba yalivyopanda hadi ukingo wa hifadhi. Baadhi ya viumbe waliobaki kwenye vipande hivyo vya msitu hawana akiba mahali pengine duniani.

Januari 2021, kwenye uwanja wa ndege wa Vienna, maofisa wa forodha walimkamata msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74 wa Usambara, ndugu wa hawa wetu, wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na 3 hawakupona. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinajibu pia dai kwamba kinyonga aliyeteseka hatibiki. Baada ya safari kama ile, wengi waliishi kwa kupata maji, joto sahihi na macho ya mtaalamu.

"Nenda duka la dawa za mifugo, chukua OTC." Sikiliza vizuri, kwa sababu dawa sahihi kwa kipimo kibaya ni sumu. Chupa ya oksitetrasaiklini, ndiyo hiyo OTC, imepimwa kwa ng'ombe wa mamia ya kilo, na kinyonga wa bustani ana uzito wa makumi ya gramu. Kosa la tone moja kwa ng'ombe halionekani, na kwake ni maisha. Gentamaisini huharibu figo, hasa za reptilia aliyekaukiwa maji, na wagonjwa wengi wa namna hii wamekaukiwa. Aivemektini, ambayo mfugaji wa mbuzi huiona ya kawaida, huua kobe, na kwa kinyonga haitumiwi kwa kubahatisha. Zaidi ya hapo, mwili wa reptilia huchakata dawa kulingana na joto lake. Baadhi ya antibiotiki kwake hudungwa mara moja kwa siku 3, na anayerudia sindano asubuhi na jioni kama kwa kuku anamjaza dawa asiyoweza kuitoa. Hata kumlisha kwa nguvu kuna utaratibu: maji kwanza, chakula baadaye. Panadol ya nyumbani iache kabatini.

"Lakini daktari wa mifugo ni wa ng'ombe." Katika mji wowote mwingine wa Tanzania ningemsikiliza anayesema hivi. Morogoro, hapana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinafundisha madaktari wa wanyama hapa hapa na kina hospitali ya wanyama. Ndani ya kampasi ya chuo hicho shirika la APOPO hufuga na kutunza panya buku wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wanyama ambao zamani nao tuliambiwa hawana daktari. Sisemi kwamba mlangoni pana kibao cha daktari wa vinyonga. Nasema kwamba darubini inayoona mayai ya minyoo kwenye choo cha mbwa huyaona pia kwenye choo cha kinyonga, eksirei huonyesha mayai yaliyokwama na mifupa iliyolainika, na mizani ya gramu ni mizani. Daktari mwenye moyo ataendeleza kutoka hapo, kwa vitabu na kwa kuuliza wenzake. Kipo chama cha kimataifa cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, na daktari humwandikia mwenzake wa mbali.

Kwa hiyo usiulize mlangoni, "Mnatibu vinyonga?" Ukiuliza hivyo utajibiwa hapana na mtu wa kwanza utakayemkuta. Uliza nani anashughulikia wanyamapori au reptilia, nani anaweza kupima choo leo, na kama daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Aliyekiri kwamba hajawahi kumtibu kinyonga lakini atasoma kabla ya kudunga, mshike huyo. Anayechomoa sindano kabla ya kumpima uzito, chukua kasha lako uondoke.

"Ukimpeleka utakamatwa." Hofu hii ina msingi, na siwezi kuificha. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumfuga kunahitaji kibali. Biashara ya vinyonga kimataifa inabanwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Sheria hizo naziunga mkono kwa moyo wote. Makao makuu ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yapo Morogoro hii hii, kwa hiyo aliyemkuta kinyonga amegongwa na baiskeli au ameng'atwa na paka ana pa kutoa taarifa siku hiyo hiyo, kabla ya kumgeuza kuwa wa kufugwa. Na mzazi ambaye mtoto wake ameokota kinyonga mzima amrudishe leo kwenye kichaka kile kile alikotoka. Kumficha mgonjwa ndani kwa wiki kadhaa hakuisaidii familia, na mnyama anazidi kudhoofika.

"Safari yenyewe itamuua." Itamuua kwenye mfuko wa plastiki, au kwenye dashibodi ya daladala juani. Chukua boksi la karatasi ngumu, litoboe, funga ndani kijiti cha kushikilia, weka kitambaa chenye unyevunyevu chini, funika ili asione watu. Ondoka asubuhi kabla jua halijakali. Kwenye kikopo safi beba choo chake cha siku hiyo au cha jana. Piga picha ya kasha anamoishi, andika alichokula, na utaje kila dawa aliyokwisha kupewa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Mpime kwa mizani ya jikoni kabla ya kutoka na uandike gramu na tarehe, maana daktari atampa dawa kwa uzito huo, na atakapomwona tena atataka kuulinganisha.