KAZI YA MIKONO: Musuli wa mupira na hewa



Kijana mumoja ametuandikia. Baba yake alikatwa mukono wa kuume kazini, na sasa ndugu wanataka kuuzisha kiwanja ili wamununulie mukono wa umeme wa Ulaya, ule wenye vidole vinavyojikunja vyenyewe. Anauliza kama iko vizuri. Mbele ya kujibu, tuangalie kwanza kitu gani kinavuta kidole cha bandia, maana njo pale makuta inapokwisha.

Shika mukono wako chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja ngumi. Unasikia nyama inatembea pale juu, sivyo? Nguvu nyingi ya vidole iko pale, na mishipa inavivuta kama kamba. Basi fundi wa mikono anatafuta zaidi ya yote kitu cha kuvuta. Katika mukono wa umeme ni motere ndogo pamoja na vigurudumu vya meno. Ni kazi nzuri, siwezi kukataa, lakini bei yake ni kali, batri inaomba umeme kila mara, na vumbi ya kwetu inaingia popote.

Kuna njia ingine, na hadisi yake inatugusa. Joseph McKibben alikuwa mutu wa elimu ya fizika kule Los Alamos, Marekani. Tarehe 16 Julai 1945, siku ya kujaribu bomu la kwanza la atomiki, yeye njo alikuwa kwenye mutambo wa saa uliolipusha bomu. Sisi watu wa Katanga hatuwezi kusoma habari ile kama mambo ya wageni tu: uranium nyingi ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Nyuma ya vita, polio ikamupata binti yake, mikono ikapooza. Ndipo, katika miaka ya 1950, baba huyu akamutafutia musuli.

Alichukua mupira mwembamba kama bomba, akauvalisha gaini ya nyuzi zilizosukwa, akafunga huku na huku. Hewa ikiingia, mupira unavimba, na kwa kuvimba unakuwa mufupi. Hewa ikitoka, unarudi murefu. Kwa nini? Angalia kile kifuko cha wavu cha vitunguu kule sokoni. Ukikivuta kwa urefu, kinakuwa chembamba. Ukikipanua, kinakuwa kifupi. Nyuzi zenyewe hazirefuki, zinageuza tu namna zinavyolala. Musuli wa sentimetre 20 unaweza kuwa karibu 15, na ule upungufu njo unavuta kidole. Kwa binti yake gesi ilitoka katika chupa ndogo, na vidole vikaweza kukutana na kidole gumba, kukamata kitu.

Nguvu yake ni kubwa pale mwanzo, halafu inapunguka kadiri unavyofupika, mpaka inakwisha kabisa. Tena unajua kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ndiyo maana wanaweka miwili, mumoja kila upande, sawa na nyama za mukono wako wa juu, ao wanaweka resori ya kurudisha. Katika miaka ya 1980 kampuni Bridgestone ya Japani iliutumia kwa mikono ya roboti. Vijana wa shule ya ufundi wanaweza kuujaribu kwa pompi ya kinga. Lakini musijaze sana: mupira ukipasuka unaweza kuumiza macho.

Sasa, baba yetu avae musuli ule? Hapana. Lazima abebe chupa ya hewa ao pompi, mupira unachoka, hewa inavuja. Ni muzuri kwa kujifunza na kwa roboti inayosimama pahali pamoja.

Kwa mutu anayetafuta kazi, mimi ninapenda zaidi kitu cha zamani. Mumarekani D. W. Dorrance alikatwa mukono kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na katika mwaka wa 1912 akapata haki ya ndoana yenye vidole viwili vya chuma. Mukaba unapita kwenye bega la upande mwingine. Kamba ya chuma, sawa na ile ya freni ya kinga, inatoka pale mpaka kwenye ndoana. Ukisukuma mukono mbele, ndoana inafunguka. Ukirudisha, mipira midogo inaifunga. Unataka ikamate kwa nguvu zaidi? Ongeza mupira. Musuli hapa ni bega lako mwenyewe, na bega haliombi batri. Tena kamba inapovutwa, mutu anasikia begani kama ameshika sana ao kidogo. Mikono mingi ya umeme haina jambo hilo.

Najua, ndoana haina sura ya mukono, na watoto wanaiogopa siku za kwanza. Wengine wanaiweka chini ya kitanda juu ya haya.

Kwa hiyo, kijana wangu, kiwanja kingoje. Mupeleke baba kwa fundi wa viungo, aangalie kwanza kile kipande cha mukono kilichobaki: kama kimepona, kama bega na kiwiko vinatembea vizuri. Muulize nani atabadilisha kamba ikikatika, na ni bei gani. Halafu muulize baba mwenyewe anataka kufanya nini na mukono ule: kushika jembe na baro ya kinga, ao kuuvaa siku ya Mungu tu?