Kisu au dawa kwanza? Swali zito kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo

KIFO cha aliyekuwa mbunge wa Kibra, Ken Okoth, mnamo Julai 26, 2019, kiliwazindua Wakenya kuhusu saratani ya utumbo mpana. Marehemu alikuwa ametangaza hadharani kwamba ugonjwa wake ulikuwa umefika kiwango cha nne, na alikuwa amesafiri hadi Ufaransa kutafuta matibabu.

Tangu hapo, wengi wakisikia ‘kiwango cha nne’ huanza kuomboleza kabla ya msiba. Hata hivyo, wagonjwa wa kiwango hicho hawako katika hali moja. Wapo ambao saratani imeenea hadi kwenye ini pekee, na miongoni mwao wamo wanaoweza kupasuliwa wakaishi miaka mingi. Baadhi yao hupona kabisa.

Ini huathirika mapema kwa sababu sehemu kubwa ya damu itokayo utumboni hupitia humo kabla ya kurudi moyoni. Chembe za saratani zikibebwa na damu hiyo, hapo ndipo nyingi hukwama na kuota.

Swali linalowakuna vichwa wataalamu ni hili: je, mgonjwa wa aina hiyo aanze kwa kutundikiwa dawa za kuua saratani, yaani tibakemikali, au apelekwe moja kwa moja katika chumba cha upasuaji?

Kwa kundi moja la wagonjwa, jibu halina utata. Hawa ni wale ambao vivimbe vyao ni vikubwa au vimekaa pabaya kiasi kwamba haviwezi kukatwa. Mnamo 1996, madaktari wa hospitali ya Paul Brousse, karibu na jiji la Paris, wakiwemo Henri Bismuth na René Adam, waliripoti kuhusu wagonjwa 330 wa aina hiyo. Baada ya tibakemikali, vivimbe vya wagonjwa 53 vilinywea hadi wakaweza kupasuliwa. Kati ya hao 53, asilimia 40 walikadiriwa kuishi miaka mitano au zaidi.

Utata upo kwa kundi la pili, ambalo vivimbe vyake vinaweza kukatwa tangu siku ya kwanza. Wanaotetea dawa kwanza husema kuwa huua chembe zilizojificha ambazo jicho la mpasuaji haliwezi kuziona. Wanaotetea kisu nao hushikilia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani (EORTC) lilijaribu kuamua mzozo huo. Wagonjwa 364 waliokuwa na vivimbe visivyozidi vinne kwenye ini waligawanywa mara mbili. Nusu yao walipasuliwa tu. Nusu ya pili walipewa dawa mara sita kabla ya upasuaji na mara sita baadaye.

Matokeo yaliyotolewa 2008 yalionyesha kuwa dawa ziliongeza kwa kiasi idadi ya waliotimiza miaka mitatu bila ugonjwa kurudi, kutoka asilimia 28 hadi 35. Lakini matokeo ya 2013 yalipunguza shangwe hizo. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai miongoni mwa waliopewa dawa walikuwa asilimia 51, na miongoni mwa waliopasuliwa pekee asilimia 48. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha kwamba dawa ndizo zilizookoa maisha.

Fauka ya hayo, dawa zina gharama yake mwilini. Katika utafiti uo huo, asilimia 25 ya waliopewa dawa walipata matatizo baada ya upasuaji, ikilinganishwa na asilimia 16 ya wenzao. Dawa ya oksaliplatini hujeruhi mishipa midogo ya damu ndani ya ini, nayo irinotekani inaweza kulijaza mafuta na kulivimbisha.

Athari hizo si jambo dogo kwa mpasuaji. Ini lenye afya laweza kukatwa likabaki takriban asilimia 20 tu, kisha likakua upya. Lililochoshwa na dawa kwa muda mrefu huhitaji kubakishwa angalau asilimia 30.

Kuna mtego mwingine. Wakati mwingine dawa hufanya kazi vizuri hadi uvimbe ukatoweka kwenye picha, na jamaa wakashangilia kwamba mgonjwa wao amepona. Utafiti wa Ufaransa wa 2006 ulichunguza vivimbe 66 vilivyotoweka hivyo, na ukabaini kuwa katika asilimia 83 saratani ilikuwa bado ipo au ilirejea mapema.

Wala kuongeza dawa si kuongeza uhai. Nchini Uingereza, wagonjwa walioongezewa dawa ghali ya setuksimabu juu ya tibakemikali kabla na baada ya upasuaji wa ini waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Kwa mujibu wa matokeo ya 2020, muda wao wa wastani ulikuwa miezi 55, ilhali wasioongezewa walifikisha 81.

Humu nchini, uamuzi huu hufanywa katika mazingira magumu. Tibakemikali inapatikana nje ya Nairobi, zikiwemo hospitali za Mombasa, Nakuru, Garissa na Eldoret. Waliobobea katika kupasua ini nao ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikuu. Hatari iliyopo ni kwamba mgonjwa ataanzishiwa dawa kwa kuwa ndizo zilizo karibu, na wala si kwa kuwa ndizo zinazomfaa.

Aidha, malipo ya matibabu ya saratani chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, yana kikomo kwa kila familia kwa mwaka. Kila dripu isiyo ya lazima humega fungu hilo, na pengine kuifikisha familia kwenye mchango wa harambee kabla ya wakati wake.

Suluhu haihitaji mitambo mipya. Kabla ya dripu ya kwanza, picha za ini la mgonjwa zifikishwe kwa mpasuaji wa ini, hata kama yuko mbali, ili yeye na daktari wa saratani waamue pamoja. Ikiwa dawa zitatangulia, tarehe ya kupima upya iwekwe mapema, kwa kawaida ndani ya miezi miwili au mitatu, na mgonjwa akishaweza kupasuliwa asicheleweshwe.

Naye mgonjwa ana haki ya kuuliza: je, vivimbe vyangu vinaweza kukatwa, na ni nani aliyesema haviwezi? Iwapo jibu halikutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kupasua ini, basi swali hilo bado halijajibiwa.