Apewe nafasi ya kutazama kabla ya kupewa chaki

Binti ya ndugu yangu amerudi Mombasa kutoka kaunti ya Makueni, alikokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Chuo kilimwagiza akae wiki mbili nyuma ya darasa na daftari lake, awatazame walimu wenye uzoefu wakisomesha, ndipo naye asimame mbele. Nilipolifungua daftari hilo nilikuta kurasa za siku mbili tu zimeandikwa. Zilizobaki ni nyeupe.

"Ami, siku ya tatu nikapewa chaki," akanambia. "Mwalimu wa gredi ya nne alikuwa mgonjwa na watoto wamekaa bure. Ningekataa vipi?"

Mwenzake, msichana wa Malindi, alipelekwa kaunti jirani ya Kitui, upande wa Mwingi. Huyo aliangukia kwa mwalimu mlezi wa makamo ambaye hakutaka mchezo. Siku ya kwanza alimwekea kiti kwenye kona ya nyuma, akamwambia asiguse chaki mpaka aambiwe, kisha akamwonya: "Usinitazame mimi, watazame watoto." Daftari lake limejaa jalada hadi jalada.

Nimezungumza na wote wawili. Tofauti ya madaftari hayo mawili imenifunza jambo kuhusu mtaala mpya ambalo sijalisikia kwenye mikutano ya viongozi wetu.

Darasa alilotazama binti wa Malindi lilikuwa gredi ya pili, somo ni hesabu, na lugha ni Kikamba. Sera ya kumsomesha mtoto wa madarasa ya chini kwa lugha ya eneo lake si ngeni Kenya. Ilipendekezwa na Tume ya Gachathi mwaka 1976 na mtaala wa umilisi umeishikilia. Yeye Kikamba hakijui, kwa hivyo hakuwa na la kufanya ila kutumia macho. Akaona mwalimu akigawa vifuniko vya soda na vijiwe, watoto wakipanga mafungu. Akaona kijana mmoja karibu na dirisha ambaye kila mara humwangalia jirani kabla ya kuandika. Alidhani anaiba majibu. Mwalimu akamhamisha mbele bila kusema neno, na kijana akaanza kuandika peke yake. Kumbe ubao alikuwa hauoni.

Akaona pia msichana aliyesinzia saa nne asubuhi. Mwalimu hakumfokea, wala hakushika kiboko, ambacho kimepigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena. Alimtuma akanawe uso. Wakati wa mapumziko ndipo mwalimu akamweleza mgeni wake: kiangazi kikishika, mto hubaki mchanga mtupu, na mtoto huyu huamka alfajiri kwenda kuchimba maji na mamake kabla ya kuja shule. Siku hizo mwalimu huweka hesabu baada ya uji wa saa nne, siyo kabla.

Halafu kuna jambo lililomchekesha. Watoto walipokuwa wakihesabu kwa sauti aliwasikia wakisema "kenda", kisha "ikumi". Kenda! Hilo ndilo neno la nyanya zetu kabla ya "tisa" kutawala. Tangu siku hiyo hakujiona mgeni sana, wala hana sababu. Misafara ya pembe ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani karne ya 19, na Wakamba wako Rabai na Kwale miaka mingi.

Sasa turudi Makueni. Binti yetu alipopewa chaki siku ya tatu alisomesha vipi? Nilimuuliza na hakunificha. Aliandika maelezo ubaoni, watoto wakanakili, akauliza maswali, wale watatu wa mbele wakajibu, kengele ikalia. "Nilisomesha kama nilivyosomeshwa," akasema.

Maneno yake yanagusa jambo linalojulikana na wataalamu. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, katika kitabu chake Schoolteacher, alikadiria kwamba mwanafunzi anayemaliza sekondari kwao ameshakaa na walimu takriban saa 13,000. Kwa hivyo anayeingia chuo cha ualimu huhisi kazi anaijua. Lakini alichokiona ni upande mmoja tu. Aliona mwalimu akiandika na akikasirika. Hakuona kwa nini mwalimu alimhamisha mtoto fulani, au kwa nini hesabu iliwekwa baada ya uji. Akisimama darasani bila kufunzwa kutazama upya, atarudia aliyotendewa.

Nchi nyingine hilo lingekuwa tatizo dogo. Kwetu ni kubwa, kwa sababu tumebadilisha mfumo. Vijana walioko vyuoni leo ni watoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mtaala wa umilisi walioandaliwa kuusomesha hawakuupitia wao wenyewe. Hawajawahi kuwa watoto waliopanga vifuniko vya soda kwa mafungu. Mahali pekee wanapoweza kuuona ukitendeka ni pale kwenye kiti cha nyuma, kwa wiki chache. Ukiwanyang'anya wiki hizo, wataingia kazini na vitabu vipya na usomeshaji wa zamani, na mtoto ndiye atakayelipa.

Najua walimu wakuu watasema nini. Watasema: mimi nina pengo, watoto hawana mwalimu, na hapa yupo kijana mwenye nguvu amekaa nyuma anaandika. Nimwache? Hoja hiyo siidharau. Lakini tuulize pengo hilo limetoka wapi. Sekondari ya msingi ilipoanza Januari 2023, serikali iliziba nafasi nyingi kwa walimu wanagenzi, watu waliohitimu na kusajiliwa, kwa malipo ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba utaratibu huo unavunja haki zao. Mwezi uliofuata wakagoma na kuandamana. Ni mwanzoni mwa 2025 ndipo maelfu yao walipopata ajira ya kudumu, na hapo hapo wanagenzi wengine wakaingizwa.

Mwanagenzi angalau alilipwa kitu. Mwanachuo aliye kwenye mazoezi halipwi. Kodi ya chumba, nauli na chakula vinatoka kwa mzazi. Binti yetu alikuwa akiamka kula daku peke yake mwezi mzima wa Ramadhani katika soko dogo lisilo na msikiti karibu, na pesa za kununua futari zilitumwa kwa simu kutoka huku. Ukimfanya mtu huyo kuwa mwalimu wa darasa tangu wiki ya kwanza, umepata kibarua wa bure, na Tume ya Huduma za Walimu haitaliona pengo kwa sababu limezibwa. Shule inasaidika kwa muhula mmoja, lakini upungufu unafichika na mwaka unaofuata uko pale pale.

Kwa nini nayaandika haya kwa wasomaji wa pwani? Kwa sababu ya Kitui na Makueni ndiyo ya Kwale, Kilifi na Tana River. Sisi pia tuna kiangazi, watoto wanaokuja shule na njaa, na shule ambazo wanachuo hupokewa kwa shangwe kwa kuwa mikono haitoshi. Na tuna letu la ziada. Mtoto wa Mji wa Kale anayesema "mato" badala ya macho na "ndia" badala ya njia huambiwa Kiswahili chake kibovu, tena na mwalimu anayejua sanifu ya kitabuni peke yake. Mwalimu aliyepata muda wa kutazama kwanza angetambua kwamba huyo hakukosea. Anazungumza lahaja ya Kimvita, lugha iliyotungiwa mashairi kabla sanifu haijaundwa. Angemjengea daraja kama yule mama wa Mwingi anavyowajengea watoto wake kutoka Kikamba.

Nasi kutazama si jambo geni. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani mwanafunzi mkubwa hukaa kando ya mwalimu, akawasikiliza wadogo wakisoma, akajua nani akosolewe papo hapo na nani aachwe amalize aya. Wengi wa walimu wetu wa madrasa walipatikana hivyo, na hakuna aliyeona kwamba muda ule wa kukaa ulipotea. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mwalimu vilevile.

Kwa hivyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa vyuo, kuanzia vyetu vya Shanzu na Kwale: siku za kutazama ziandikwe kwenye barua ya kumpeleka mwanachuo, na mkaguzi akija alione daftari la kutazama kabla ya andalio la somo. La pili ni kwa Tume: mwalimu mlezi apunguziwe vipindi muhula anaopokea mwanachuo, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo. Yule wa Mwingi aliifanya kwa moyo wake tu, na hatuwezi kuendesha elimu ya nchi kwa kutegemea moyo wa mtu mmoja mmoja. La tatu ni kwa sisi wazazi tulioko kwenye bodi za shule. Mwanachuo akija, tuulize ameketi nyuma siku ngapi. Na kama kuna pengo, tuandikie ofisi ya Tume ya kaunti tukitaja idadi ya walimu waliokosekana, tusitulie kwa kuwa pengo lina sura ya msichana wa miaka 21.

Binti yetu atarudi shuleni muhula ujao, mara hii karibu na nyumbani, Kilifi. Nimemnunulia daftari jipya. Ameniahidi kwamba akipewa chaki siku ya tatu atauliza kwa adabu kama anaweza kumaliza wiki yake kwanza. Sijui kama ataweza kusema "la" mbele ya darasa la watoto wasio na mwalimu. Wala sidhani ni haki kumtwika yeye mzigo huo wa kukataa.