Anadungwa sindano ya 'udume', mke anaitwa tasa!

Wiki hii mitindo na disko tuviweke pembeni kidogo. Nataka tuongee sisi wanaume. Na ninyi akina dada msikimbie, maana mwisho wa habari hii mzigo mnabebeshwa ninyi.

Ishu yenyewe ni sindano za homoni ya kiume, testosteroni. Ni dawa halali kabisa, ina kazi yake hospitalini. Ila kuna masela wanaichukulia kama soda baridi: ukichoka unapiga moja, mambo yanakuwa bomba. Wanasahau kuuliza swali moja tu dogo: je, mtoto utampata?

Usidhani haya ni mambo ya wabeba vyuma wa Dar peke yao. Mwenzenu nimeyakuta Nyakanazi, wilayani Biharamulo, nikiwa safarini kwenda Ngara. Anayeijua njia ile anajua kwamba Nyakanazi ni njia panda. Wa Kigoma wanakata kwao, wa Kahama wanakuja huku, na sisi wa Ngara tunanyoosha Lusahunga, Benaco mpaka Rusumo kwenye mpaka na Rwanda. Malori usiseme. Na penye malori kuna mama ntilie, na kwa mama ntilie ndipo siri za wanaume zinapomwagika.

Nilikaa meza moja na dereva wa lori, kijana wa Ngara, wa miaka thelathini hivi. Kifua kimejaa kama ngao. Aliposikia naandika gazetini akaniambia, "Kaka, hebu andika na hili, labda litamsaidia mtu."

Habari yake ni hii. Ameoa mwaka wa tatu sasa. Kazi ya lori unaijua, usingizi ni wa kuibia. Akaanza kuchoka, na hata akirudi nyumbani hamu hana. Mshikaji mmoja wa njiani akamwambia dawa ipo, ni sindano ya mafuta, unachoma kila baada ya wiki mbili. Hakupimwa damu, hakuandikiwa cheti. Muuzaji ndiye huyo huyo mchomaji.

Miezi ya mwanzo jamaa alikuwa fiti kinoma. Misuli ikatoka, hamu ikarudi, mke akafurahi. Lakini mimba hakuna. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Mama mtu akaanza maneno: mke gani huyu, mahari yetu imeliwa bure. Binti wa watu akapelekwa kwa mganga, akanyweshwa mizizi mpaka akatapika. Jirani akijifungua, yeye hata kwenda kumpongeza mzazi anaona aibu.

Mwisho yule dada akaenda hospitali peke yake. Akapimwa, akaambiwa yeye hana tatizo, amlete mumewe. Mume akagoma miezi mitano! "Mimi? Mwanaume mwenye nguvu kama mimi nikapimwe nini?" Alipokubali, majibu yakatoka: mbegu za kiume hakuna. Si kwamba ni chache. Hakuna hata moja.

Sasa unajiuliza, inakuwaje homoni ya kiume ikaua uwezo wa kiume? Nitakueleza kwa lugha ya mtaani. Kiwanda cha mbegu ni korodani. Kiwanda hicho kina nyapara wake, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kila siku nyapara anatuma ujumbe kwenye damu: fanyeni kazi, tengenezeni homoni, tengenezeni mbegu. Ukijichoma homoni ya dukani, nyapara anaangalia damu anaona mzigo umejaa. Anasema, "Basi vijana, pumzikeni." Ujumbe unakatika. Korodani zinaacha kutengeneza homoni yake, na mbegu nazo zinasimama. Zenyewe zinasinyaa. Kwa nje wewe ni dume la mbegu, kwa ndani kiwanda kimefungwa.

Na hii si hadithi ya kijiweni. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu testosteroni kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume! Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Wanaume 271 wenye afya zao, katika nchi saba, walichomwa sindano moja ya miligramu 200 kila wiki. Ndani ya miezi sita, 157 kati yao mbegu ziliisha kabisa. Hao wakaendelea na wake zao mwaka mzima bila kinga nyingine, na mimba iliyoingia ilikuwa moja tu. Umeona? Dawa unayoitafuta ili uwe baba, wenzako waliipima ili wasiwe baba.

Habari njema ni kwamba kwa wengi kiwanda hufunguka tena. Mwaka 2006 watafiti walikusanya majaribio mengi ya aina hiyo wakapiga hesabu. Baada ya kuacha sindano, wanaume 67 katika kila 100 walirudia kiwango kizuri cha mbegu ndani ya miezi sita, na 90 ndani ya mwaka. Waliobaki walihitaji mpaka miaka miwili. Ila kumbuka, wale walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo, na walichomwa kwa kipimo chini ya macho ya madaktari. Wewe unayechoma kwa kukisia usijipe uhakika huo.

Mambo mengine ya dawa hii nayo si ya kuchezea. Damu huwa nzito, kwa sababu homoni hii inauamuru mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake anakupima damu mara kwa mara, na ikizidi kiwango anasimamisha dawa. Presha nayo inaweza kupanda, na miguu ikavimba. Chunusi zinatoka mgongoni kama za mtoto wa sekondari. Mwenye asili ya upara, nywele zinaaga mapema. Na wengine, usicheke, matiti yanajaa kama ya msichana, kwa sababu mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike.

Kuna na kukoroma. Wapo watu ambao usiku pumzi hukatika usingizini, wanashtuka, wanalala tena, asubuhi wameamka hoi. Dawa hii inaweza kulizidisha tatizo hilo. Sasa mtu kama huyo umpe lori la tani 30 ashuke nalo milima ya Ngara!

Moyo je? Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, wanaume zaidi ya 5,200 wenye umri wa miaka 45 hadi 80, wenye homoni pungufu na matatizo ya moyo au dalili za kuyapata. Waliopakwa testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo wala kiharusi kuliko wale waliopakwa dawa bandia. Hapo tushukuru. Lakini mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia ghafla vilionekana zaidi kwa waliopata dawa. Na hao walikuwa chini ya uangalizi, si nyuma ya kibanda.

Wale wa dawa ya kupaka nao wajihadhari. Ukijipaka begani, halafu ukambeba mtoto na kumlaza hapo hapo, homoni inamwingia. Marekani ililazimisha onyo kali juu ya jambo hilo mwaka 2009, baada ya watoto wadogo kuanza kuonyesha dalili za kubalehe. Na kwa sindano za mitaani ongeza jipu, homa ya ini na UKIMWI kama sindano imepita kwa watu wengi.

Sasa msije mkasema nimeitukana dawa. Wapo wanaoihitaji kweli: aliyezaliwa na hitilafu ya korodani, aliyeumia ajalini, ambaye matubwitubwi yalishuka huko chini, au mwenye uvimbe kwenye ile tezi ya nyapara. Hao dawa inawarudishia maisha. Lakini kwanza damu hupimwa asubuhi, tena zaidi ya siku moja. Na kama mtu bado anataka mtoto, amwambie daktari mapema, maana zipo dawa nyingine za kumwamsha nyapara badala ya kumlaza.

Na yule dereva, tatizo lake la mwanzo lilikuwa nini? Pengine usingizi tu! Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichukua vijana 10 wazima, wakawalaza saa tano kwa usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja tu! Ongeza pombe, ongeza mawazo, ongeza kisukari kisichojulikana. Hamu ikipotea, mwili unakupigia honi. Usiuzibe mdomo kwa sindano.

Nilimwuliza jamaa amefikia wapi. Ameacha mwezi wa tano sasa, daktari anamfuatilia, na kipimo cha juzi kimeonyesha mbegu kidogo. Nikamwuliza tena, "Mama umemwambia?" Akaangalia sahani yake. Hajamwambia. Kule nyumbani mkewe bado anaitwa tasa.

Hapo ndipo mimi nakereka, wasomaji wangu. Mbegu zinaweza kurudi kwa mwaka. Jina la tasa ukishalibandika kwa mke wa mtu, litarudi lini? Nilimwambia na ninyi nawaambia: kama umejua tatizo liko kwako, simama mbele ya mama yako useme. Huo ndio udume, na hauna sindano.

Kwa hiyo masela, mwaka ukipita bila mimba, nendeni wawili, mpimwe wawili, siku moja. Ngara kuna Murgwanza, Rulenge na Nyamiaga, Biharamulo hospitali ipo. Kipimo cha homoni kisipopatikana hapo, ombeni rufaa ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Umeshaanza kujichoma? Usione haya, mwambie daktari kila kitu, jina la dawa na umechoma mara ngapi. Ukiacha unaweza kuwa mnyonge wiki kadhaa wakati kiwanda kinaamka. Huo ndio wakati wa kuwa karibu na daktari, na si wa kumrudia muuzaji.

Nawe dada unayenyweshwa mizizi kila mwezi, kata gazeti hili umbandikie bwana mkubwa kwenye kioo cha lori. Akiuliza nani kabandika, mwambie ni mimi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Laleni mapema!