Kihispania cha kupamba picha hakitakupa kazi

Wewe uliyeandika maneno ya Kihispania chini ya picha yako ya juzi, ile umevaa miwani myeusi ukiwa umeegemea gari la wenyewe, hebu tukae kidogo tuongee. Sikucheki. Hata mimi nilikuwa huko. Kwa karibu mwaka mzima nilijifunza Kihispania kwa misemo ya kutia moyo: mmoja asubuhi nikipiga mswaki, mwingine kwenye matatu, wa tatu kabla ya kulala. Nilikuwa na daftari lenye misemo zaidi ya mia moja. Nikiisoma kwa sauti usiku, mamangu alidhani nasali.

Kisha nikaitwa kwa mahojiano ya kazi. Kampuni moja ya utalii hapa Nairobi ilikuwa ikitafuta vijana wa kupokea wageni wanaozungumza Kihispania, wale wanaopitia hapa wakielekea Maasai Mara. Nilifika saa nzima kabla ya wakati. Tuliingia wawili wawili. Mama aliyetuhoji, mzaliwa wa Kolombia, mcheshi sana, akaanza polepole: "¿A qué hora llegó?" Umefika saa ngapi?

Nikaona mlango umefunguka. Badala ya kumtajia saa, nikamtupia methali: "A quien madruga, Dios le ayuda." Anayedamka alfajiri, Mungu humsaidia.

Akacheka, akanijibu: "No por mucho madrugar amanece más temprano." Nilishika neno madrugar tu, nikadhani ananipongeza, nikasema "gracias" kifua mbele. Kumbe alikuwa amenirudishia methali kwa methali: hata ukidamka vipi, kutapambazuka kwa wakati wake. Akauliza tena: "¿Y cómo vino?" Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Vino nililijua kuwa ni divai. Nikamjibu kwa adabu zote, "No, gracias."

Alikuwa anauliza nimefikaje, kwa matatu au kwa miguu. Vino pia ni "alikuja", na Mhispania akikuheshimu hukusemesha kana kwamba anamzungumzia mtu wa tatu. Hilo halikuwa kwenye daftari langu.

Kazi ilimwendea dada niliyeingia naye. Hakutoa methali hata moja. Alisema ametoka Kitengela, barabarani kulikuwa na msongamano, gari lilimtoza shilingi mia mbili. Basi. Nilikuwa nimeketi karibu naye nikimwona mshamba.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi misemo na methali ni njia mbaya ya kujifunza lugha. Nasema sisi tunazisoma vibaya, na tumefunzwa kuzisoma vibaya tangu shule ya msingi. Unakumbuka insha? "Wahenga hawakukosea waliponena..." Mwalimu alitaka methali tano, tukamwekea saba, ziwe zinaingiana na kisa au la. Tulipata alama zetu. Lakini jiulize: ni lini mara ya mwisho wewe, kwa hiari yako, ulimwambia mtu methali ili abadilishe nia, au umkanye bila kumvunjia heshima? Nyanya zetu walifanya hivyo kila siku. Sisi tulizigeuza mapambo, na sasa tunafanya vivyo hivyo kwa lugha ya wenyewe.

Misemo ya kutia moyo ndiyo mibaya zaidi kwa hili, kwa sababu mingi hakuna mtu anayemwambia mtu mwingine. Inaandikwa tu juu ya picha ya mlima. Sehemu kubwa ya ile niliyoikariri ilikuwa Kiingereza kilichovalishwa nguo za Kihispania. Na mingine inapewa baba asiyeizaa. Chukua huu ulio kwenye fulana na vikombe: "Ladran, Sancho, señal que cabalgamos." Mbwa wanabweka, Sancho, ishara kwamba tuko juu ya farasi tunasonga. Maana yake unaijua tangu utotoni: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Watu huapa kwamba yametoka kwenye Don Quijote ya Cervantes. Hayamo. Kitabu hicho kilitoka kwa sehemu mbili, 1605 na 1615, na hakuna hata moja iliyo na sentensi hiyo. Hebu fikiria umeitaja kwa madaha mbele ya mtu aliyekisoma.

Kinachochekesha ni kwamba ndani ya kitabu chenyewe, Sancho Panza, yule mtumishi, ndiye fundi wa methali. Anazimwaga mfululizo hadi bwana wake anachoka. Katika sehemu ya pili, Sancho akijiandaa kwenda kutawala kisiwa, Don Quijote anamwonya aache kurundika methali zisizohusiana na kinachosemwa. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwenye matatu. Onyo limekaa miaka 400 likinisubiri mimi.

Nitakuachia msemo mmoja wa kutia moyo, maana huu una wenyewe: "Sí se puede." Ulizaliwa Arizona mwaka 1972, wakati Dolores Huerta na César Chávez walipokuwa wakipigania haki za vibarua wa mashambani. Waliambiwa huko haiwezekani; Huerta akajibu kwamba inawezekana. Utazame vizuri. Si "naweza", si "tunaweza". Se puede haina mwenyewe, kama vile "inawezekana" isivyo na mwenyewe. Kwa hivyo ukiuelewa hivyo, umepata kitu cha kutumia kesho asubuhi. Ukifika mlangoni kwa mtu, ukabisha na kuuliza "¿Se puede?", umepiga hodi. Dukani, ukitaka kujua kama inaruhusiwa kulipa kwa kadi, ni se puede hiyo hiyo. Sasa niambie, kati ya wote walioiweka kwenye picha zao, ni wangapi wanajua inapiga hodi?

Methali zenyewe, zile za wazee, zina utamu mwingine. Kwanza, Wahispania hawazimalizi. Mtu atasema tu "Cuando el río suena..." kisha anyamaze, akuangalie. Mto ukivuma... Huko Uhispania wengi watamalizia moyoni "agua lleva", una maji. Amerika ya Kusini utasikia "piedras trae", unaleta mawe. Sisi tunasema "lisemwalo lipo" na kuachia hapo hapo. Anayejua anajua kwamba kama halipo laja. Ukikariri methali nzima bila kujua inakatwa wapi, utakaa kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kuongea ilhali mwenzake alimaliza kitambo.

Pili, zinapigana. Ile yangu ya kudamka ina adui yake, na adui huyo ndiye aliyenipata siku ya mahojiano. Si ajabu. Hata sisi tuna "haraka haraka haina baraka" na "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hakuna aliyewahi kwenda kortini kuamua ipi ni ya kweli. Kinachoamua ni nani anamwambia nani, na baada ya nini. Kwa hivyo usishike methali moja peke yake. Ishike na jibu lake.

Tatu, na hapa ndipo nataka unisikize kwa makini, methali zimebeba sarufi ambayo Mswahili ana bahati ya kuijua tayari. Tazama hii: "No hay mal que dure cien años." Hakuna baya linalodumu miaka mia. Kwetu, hakuna marefu yasiyo na ncha. Kitenzi cha kawaida ni dura, kinadumu. Kwa nini hapa kimekuwa dure? Vitabu vingi vitakutisha na jina refu la kisarufi. Wewe usitishike. Unasema "anasoma", lakini "nataka asome". Ile a ya mwisho imegeuka e, kwa sababu husemi kinachotendeka, unasema kinachotakiwa kitendeke. Mhispania husema habla, anaongea, lakini "quiero que hable", nataka aongee. A imegeuka e. Yeye huitumia mahali pengi kuliko sisi, hata akikana kuwepo kwa kitu kama kwenye methali hiyo, na kuna kundi la vitenzi linalofanya kinyume: come, anakula, huwa coma. Lakini mlango umeshaingia. Wanafunzi wanaoanzia Kiingereza hutoka jasho hapo.

Au hii: "Dime con quién andas y te diré quién eres." Niambie unatembea na nani, nitakuambia wewe ni nani. Dime ni amri iliyogandishwa pamoja na anayeambiwa, kama "niambie". Te diré ni "nitakuambia", na ile te imekaa mbele ya kitenzi ikifanya kazi ya "ku". Sentensi moja tu, na umepata amri, wakati ujao na vijineno viwili ambavyo utavitumia hadi uzeeke. Badilisha kidogo: niambie unaishi wapi, "dime dónde vives". Niambie unataka nini, "dime qué quieres". Hapo umeanza kuongea, methali umeiacha nyuma kama ngazi.

Na usiniambie eti Kihispania ni cha mbali. Ni lugha rasmi ya nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta, hapa hapa barani. Umoja wa Afrika unakitambua miongoni mwa lugha zake, kikikaa meza moja na Kiswahili. Irabu zake ni tano, zile zile zetu. Hata meza yenyewe, kwao ni mesa. Wareno walituachia neno hilo, na Kireno na Kihispania ni ndugu. Sauti hutasumbuka nazo. Utasumbuka na uvivu wa kupenda maneno makubwa.

Mimi siku hizi nafanya methali moja kwa wiki. Moja. Kabla sijaiandika, naiangalia kwenye mkusanyiko wa bure wa Instituto Cervantes mtandaoni, unaitwa Refranero multilingüe. Humo kila methali ina maelezo yake na alama ya kuonyesha kama watu bado wanaisema au ilishakufa, maana hutaki kuongea kama babu wa karne nyingine ukiwa na miaka 23. Kisha natafuta mtu wa kumwambia. Wiki iliyopita ilikuwa "Camarón que se duerme se lo lleva la corriente", kamba anayelala huchukuliwa na mkondo, ya Amerika ya Kusini hiyo. Nilimtumia rafiki yangu aliyekuwa akisukuma mbele tarehe ya kujisajili chuoni. Alinijibu kwa Kiswahili kisichoandikika hapa, lakini alijisajili.

Na kwa kila methali, natunga sentensi kumi zisizo na busara yoyote. Maji haya ni pesa ngapi. Choo kiko wapi. Gari letu limechelewa, tafadhali subirini hapa kivulini. Hizi ndizo ngumu, niamini. Hakuna anayeziweka kwenye picha. Lakini mgeni aliyetoka kwenye ndege ya usiku hataki kujua Mungu humsaidia nani; anataka kujua begi lake liko wapi.

Mwezi ujao nina mahojiano mengine, kampuni tofauti. Nitafika mapema tena, siwezi kujizuia. Nikiulizwa nimefika saa ngapi na kwa njia gani, nimeshatunga jibu na ninalirudia kila nikipiga mswaki: "Llegué a las siete. Vine en matatu. Salí de casa a las cinco y media porque en Thika Road siempre hay tráfico."