Mtoto wa Mstari wa Tano

Msafiri atokaye Kitale kwenda Lodwar, akishaiacha Kainuk nyuma na kabla hajafika Lokichar, hupita Kalemng'orok, na aghalabu hapati sababu ya kushuka. Mimi nilishuka, na katika duka lenye kompyuta moja nikamkuta mama wa watoto saba aliyekuja kwa miguu tangu alfajiri kuandikisha kaya yake katika fomu ya msaada iliyo mtandaoni. Kijana wa duka alibonyeza kitufe cha kuongeza mstari, akaandika jina la kifungua mimba, akabonyeza tena, akaandika la pili, hata jedwali likawa na mistari saba; mama akayasikia majina yote yakisomwa mbele yake, akaridhika; fomu ikatumwa, na neno la shukrani likatokea. Siku alipoitwa kuthibitisha, kaya yake ilikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa kitinda mimba.

Sitaitaja ofisi yenye fomu ile, kwa kuwa kosa lenyewe si lake peke yake, na haja yangu ni kulieleza mpaka lieleweke na kila mwenye mamlaka ya kuidhinisha kazi ya namna hii.

Watu wengi hudhani kwamba lililoandikwa kwenye skrini ndilo lililotumwa, na hawana lawama kudhani hivyo. Kumbe kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa, hakichukui kila kilicho mbele ya macho. Huchukua visanduku vilivyofungamana na fomu tu, na katika hivyo, vile vilivyopewa jina na mtunzi wa programu, kwa mujibu wa kanuni iliyobainishwa waziwazi katika toleo la nne la HTML, lugha ya kutungia kurasa hizo, mwezi wa Desemba 1997. Mstari uliozaliwa kwa kitufe, baada ya ukurasa kwisha kufunguka, haujulikani na seva, yaani kompyuta iliyouleta ukurasa huo; ukizaliwa bila jina, utaonekana, utajazwa, na hautasafiri. Ukipewa jina lilelile la mstari uliotangulia, ziko programu za seva ambazo huuweka wa mwisho juu ya wa kwanza, ndipo watoto saba wakawa kitinda mimba peke yake. Watunzi wenye bidii huipa mistari namba, lakini hapo nako pana shimo: mama akisema jina la tatu limekosewa, kijana akaufuta mstari ule, hesabu hubaki na pengo, na programu nyingine zikifika penye pengo husimama, zikaamini kuwa orodha imekwisha.

Lililonichoma moyo kupita yote ni kisanduku cha tiki. Kisanduku kisichotiwa alama hakitumwi kabisa. Hakisemi hapana, hunyamaza. Basi chukua jedwali la watoto saba ambalo kila mstari una kisanduku cha kuuliza kama mtoto ana ulemavu, na mama amesema ni wa tano tu, asiyeona. Yatakayofika kwenye seva ni majina saba na alama moja, na programu iliyotungwa kwa haraka, ikiyaoanisha majina na alama kwa zamu, itampa alama hiyo mtoto wa kwanza. Mwenye macho mazima ataandikwa kipofu, na yule kipofu, ambaye kwa ajili yake hasa mama alitembea, hatakuwa na haki yoyote katika daftari. Hapana mtu aliyesema uongo, wala karani aliyepokea rushwa, ilhali dhuluma imekamilika.

Katika nchi hii ya Waturkana jambo hili lina uzito wa pekee. Boma, ambalo wenyewe huliita awi, laweza kuwa na wake kadhaa, na kila mke na ekol yake, yaani nyumba yake, na wanawe, hata fomu iliyo sahihi ingepaswa kuwa na jedwali ndani ya jedwali. Fomu nyingi nilizoziona humtambua mume, mke mmoja na watoto wachache. Majina nayo hukaribiana: Lokiru na Nakiru, kaka na dada waliozaliwa wakati wa mvua, hutofautiana kwa silabi ya kwanza tu, na mwenye kuipitia orodha kwa pupa hudhani mmoja ameandikwa mara mbili, akamfuta. Hata jina la Kalemng'orok lina mtego wake, maana ile alama ya ng' ndiyo inayotumika katika SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, kufungia maneno, na mtunzi asiyejihadhari hujikuta mahali alipozaliwa mtu pamevunja hifadhidata yake.

Watu wa huku wanazo sababu za kale za kuiangalia hesabu kwa makini. Mwezi wa Agosti 2010, serikali ya Kenya ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, hesabu za wilaya nane ziliwekwa kando kwa shaka ya kuzidishwa, na tatu katika hizo zilikuwa Turkana ya Kati, ya Kaskazini na ya Kusini. Sensa ya 2019, iliyoandikwa kwa tableti badala ya karatasi, ilihesabu katika kaunti nzima watu 926,976. Anayezidisha hutuhumiwa mbele ya taifa. Mstari unaopotea hauna wa kuutetea, maana hakuna anayejua kuwa ulikuwapo. Na orodha za kaya zinaongezeka: Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa mfuko wa bima ya afya wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mwenye kaya awaandikishe wategemezi wake, na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyopo tangu 1992, ukubwa wa familia ni jambo la chakula.

Naomba basi, kwa taadhima, kila ofisi ya umma ikatae kuipokea fomu ya kaya mpaka imejaribiwa hivi: aongezwe mtu wa tisa, ufutwe mstari wa tatu, itiwe tiki ya mtoto wa tano peke yake, na mahali pa kuzaliwa paandikwe Kalemng'orok. Kisha seva, badala ya kushukuru, iwasome watu iliowapokea, mmoja mmoja kwa jina, pamoja na jumla yao, na orodha hiyo ifike kwa ujumbe kwenye simu ya mama kabla hajaondoka dukani. Mama yule, kabla ya kushika njia ya kurudi, alimwuliza kijana, "Mwanangu, wamefika wangapi?" Kijana aliitazama skrini kwa muda mrefu, na hapakuwa na mahali palipomwambia.