Tezo Nyuma ya Kioo

Yuko msomi ambaye macho yake hayafunguki mpaka avuke bahari. Akiwa Dar es Salaam hupita mbele ya karakana ya seremala asigeuze shingo. Akiwa Ulaya husafiri siku nzima kwa gari moshi ili akatazame randa ambayo haijagusa ubao kwa miaka mia. Hurudi nyumbani na picha tele, na patasi moja aliyoinunua kwa bei ya kitanda, na hotuba ndefu juu ya mataifa yajuayo kutunza ufundi wao. Mwisho wa hotuba hutoa hukumu kwamba nchi yake haikuwa na kitu cha namna hiyo. Hukumu hiyo ni uongo, na uongo wa msomi una madhara kuliko uongo wa mwingine, kwa sababu huandikwa, na kilichoandikwa husadikiwa.

Haki na itendeke kwanza kwa Ulaya. Mji wa Troyes, katika Ufaransa, una jumba la karne ya 16 ambalo tangu mwaka 1974 limekuwa makumbusho ya zana za kazi za mikono. Mkusanyaji wake alikuwa padri Mjesuti, Paul Feller. Humo zimepangwa zana zaidi ya 10,000 katika makabati ya vioo, nyingi za karne ya 18 na ya 19. Katika nchi hiyo hiyo vimo vyama vya mafundi ambavyo humpeleka kijana mji hata mji, akijifunza kwa fundi huyu na kwa yule. Na mwaka 2010 UNESCO iliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kusifu mambo haya si kosa. Kosa ni kuyasifu na kuliacha fundisho lake. Zana zile hazikuzaliwa katika kabati. Zilitoka mikononi mwa watu wa kawaida, na zilipata heshima kwa kuwa palikuwa na mtu wa elimu ambaye hakuona aibu kuuliza: hiki ni nini, nacho hufanya kazi gani?

Swali hilo ndilo lisiloulizwa Kariakoo. Jina lenyewe la mtaa huu lingetosha kumfundisha msomi adabu, maana lilitokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambalo Waingereza waliliunda katika Vita Kuu ya Kwanza. Na wapagazi hao walikuwa Waafrika waliobeba mizigo ya vita vya wengine. Mtaa uliopewa jina la wachukuzi haukujengwa na hotuba. Nyumba za Kiswahili zilizoujaza, zenye vyumba sita, ukumbi wa katikati na baraza ya mbele, zilisimama kwa boriti za mikoko na kwa kazi ya maseremala: milango yao, madirisha yao, vitanda vyao. Nyingi zimekwisha bomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa. Hata hivyo ufundi haukuhama. Atokaye Mnazi Mmoja akashika njia ya Gerezani husikia nyundo za wafua vyuma kabla ya kuwaona wenyewe. Na akivuka kwenda Keko hukuta samani zimepangwa kando ya barabara, na vumbi la mbao likiwa bado juu yake.

Humo mna kitu ambacho mwanafunzi wa lugha angepaswa kukitamani kuliko picha za Troyes. Kila zana ina jina, na kila jina ni elimu. Tezo huchonga gogo. Randa hulainisha uso wa ubao. Juba ni patasi nene ya kutobolea tundu la kiungo. Keekee hutoboa kwa kuzungushwa na upinde na uzi. Jiliwa hubana kazi isiteleze. Timazi husema kweli juu ya wima wa nguzo, wala haimwogopi mwenye nyumba. Neno randa lilitoka Uajemi, neno meza likatoka Ureno, na yote mawili yakakaa katika karakana moja bila ya ugomvi. Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao. Ilipokuja karatasi ya kiwandani ya kufanya kazi ile ile, walilichukua jina la jani wakalipa karatasi. Hawakuitisha kikao, hawakungoja idhini, na neno lao limedumu. Ni kamati gani ya istilahi iliyopata kufanya kazi safi kuliko hiyo?

Basi wako wahitimu wa Kiswahili wanaoweza kueleza tashihisi na takriri kwa ufasaha, lakini wakiwekewa juba na patasi mezani hawajui ipi ni ipi. Elimu yao si bure, lakini ni nyumba yenye dari bila ya msingi.

Watetezi wa hali hii wana hoja mbili. Ya kwanza husema kwamba mafundi wenyewe wameiacha keekee, wameshika mashine ya umeme. Ni kweli, nao wana haki. Fundi hafanyi kazi ili awe makumbusho ya watu wengine. Lakini zana ikiachwa ndipo jina lake huwa hatarini, na hapo ndipo msomi ana wajibu zaidi, si pungufu. Hoja ya pili husema kwamba ufundi wa nchi unatunzwa tayari, kwa ushahidi wa vinyago vya Kimakonde. Hoja hii hujivunja yenyewe. Kinyago cha mpingo hutukuzwa kwa kuwa mgeni hukinunua. Na mpingo huo huo, ukipelekwa Ulaya kwa magogo, hugeuzwa kuwa klarineti na kupigwa mbele ya watu waliovaa nguo za heshima. Seremala wa Keko, ambaye wanunuzi wake ni wenyeji, hana wa kumtukuza. Heshima ingojayo fedha za mgeni haistahili kuitwa utunzaji.

Soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021. Serikali ililitengeneza, kwa kuwa zege huweza kumwagwa tena. Neno likifa pamoja na mzee aliyelijua, hakuna mkandarasi wa kulijenga upya.

Kwa hiyo vyuo visitosheke na sifa. Kila mwanafunzi wa Kiswahili na apelekwe karakana na daftari lake, akae muhula mzima, aandike jina la kila zana, kila kiungo na kila kosa la ubao, pamoja na maneno mapya ambayo mafundi wameyatunga kwa mashine zao. Fundi na alipwe kwa saa zake kama alipwavyo mhadhiri, maana siku hiyo yeye ndiye mhadhiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wasomi wengi wamezoea kusimama wima. Atakayekataa kuinama asije baadaye kulia mbele ya kioo cha makumbusho ya mbali, akiitazama tezo na kusoma jina lake kwa lugha ya wengine, kwa kuwa lugha yake mwenyewe imekwisha lisahau.